Moshi wa Nyakeru

Zamani mtu aliyepotea ziwani aliitwa nyumbani na wanawake wa pwani nzima. Siku hizi anaitwa na simu, na simu ikiisha chaji hakuna hata mmoja anayejua kwamba amepotea.

Watu wa Bunia ukiwatajia ziwa wanafikiri samaki tu. Wanamjua samaki akiwa amekwisha kufika sokoni, amekauka, ana chumvi mpaka machoni. Njia aliyoijia hawaijui na hawaiulizi. Mimi niliijua, kwa sababu miaka mingi kabla ya vita nilikuwa nashuka Tchomia kununua samaki wa moshi, na kutoka Tchomia napanda mtumbwi kufuata pwani, bandari kwa bandari, mpaka mtumbwi ujae. Aliyenipeleka alikuwa Lambert. Nikimtaja hapa Shari, mtaa wetu wa Bunia, vijana wananiuliza kama alikuwa kamanda au mchungaji, maana kwao mtu wa kutajwa ni mmoja wa hao wawili. Hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa mpiga kasia.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kipara tangu ujana, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: kofia aliivaa nchi kavu, na akiingia mtumbwini aliivua. Jua linamchoma, yeye haoni shida. Alisema upepo ukibadilika, kipara kinajua kabla ya macho.

Pwani yetu, upande wa kaskazini wa Tchomia, ni ukuta. Mlima unashuka mpaka majini, na chini yake kuna vipande vidogo vya mchanga vilivyofichwa na matete, kila kimoja pacha wa mwenzake. Karibu na ukuta kuna mawe na nyavu za watu, kwa hiyo mtumbwi unakwenda mbali kidogo, na kutoka huko nyumba huzioni. Kiangazi, mbuga zikichomwa huko juu, ukungu unashuka ziwani na mlima wenyewe unabaki kivuli. Hata mwenyeji akiwa pale anaweza kupita nyumbani kwake asijue.

Lakini kila kipande cha mchanga kilikuwa na wanawake, na wanawake walikuwa na furu, yaani matanuri ya kukaushia samaki. Kuni za huku si kuni za kule. Bandari moja ilichoma mikaratusi, moshi wake mwembamba wa rangi ya majivu. Nyingine ilichoma miiba, moshi mzito, mweusi kidogo. Nyingine mizizi ya matete, kwa kukosa kitu bora, na moshi wake ulilala juu ya maji kama mbwa. Furu zote za bandari moja ziliwashwa pamoja, kwa kuwa moto uliombwa kutoka furu hadi furu. Na siku ya ukungu mkubwa wanawake walitupa majani mabichi juu ya moto, moshi mweupe ukapanda juu kuliko ukungu. Walisema wanaita mitumbwi. Hakuna aliyemwita mumewe peke yake. Mjane naye alitupa majani, na yule aliyegombana na mumewe jana naye alitupa.

Lambert alisafiri kwa kusoma hayo. Hakuwa na kitu kingine. Siku moja niliona moshi mmoja tu chini ya ukuta, nikamwambia tukaone, labda kuna samaki wa bei nzuri. Hakugeuza hata shingo.

"Furu moya haiko bandari, yaya," aliniambia; yaya kwake ni kaka mkubwa. "Furu moya iko mutu anajificha. Ameiba nyavu, ao ameua. Moshi ya batu inakuwaka mingi. Pita."

Tukapita.

Bandari aliyoipenda ni Nyakeru. Huwezi kuipata kwenye vitabu. Mara ya kwanza kufika pale nilikuwa nimetapika njia nzima, nimelala chali ndani ya mtumbwi kinywa wazi. Wanawake walikuwa wamesimama majini mpaka magoti wakitungojea, na mmoja wao, mwenye sauti iliyofika kabla ya mtumbwi, akauliza:

"Lambert! Ile unaleta iko mutu ao kapiteni?"

"Iko mutu, mama."

"Mbona anafungua kinywa kama kapiteni? Mulete hapa, tumupasue, tumupake chumvi!"

Kapiteni ni samaki mkubwa wa ziwa letu. Walicheka mpaka matete yakacheka. Huyo mwenye sauti aliitwa Musoki. Alikuwa ametoka upande wa Butembo akiwa msichana, akaja kununua samaki kama mimi, akaolewa na mvuvi wa pale na hakurudi tena kwao. Mumewe alikufa, akazikwa juu kidogo ya furu, na Musoki akawa ndiye anayewasha wa kwanza. Wengine waliomba moto kwake.

Binti yake, Alphonsine, akaolewa na Lambert. Tangu siku ile ikawa taabu nyingine, maana kwetu mwanamume haangaliani uso na mama mkwe wake. Lambert akikaribia Nyakeru alisimamisha mtumbwi mbali na mchanga, akapiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, na wanawake wakapiga kelele: "Mama Musoki, jificha, mukwe anafika!" Musoki aliingia ndani akafunga mlango, na kutoka ndani akaendelea kutoa amri. "Mumupe chakula! Musimupe ile samaki ya jana!" Lambert alikula ameupa mlango mgongo, anatabasamu. Walipendana sana, yule mama na yule mkwe, na sidhani kama tangu ndoa ile waliwahi kuonana macho.

Kisha vita vikashuka kutoka milimani. Sitaeleza ni nani aliyemchoma nani. Kila mtu wa Ituri ana maelezo yake na makaburi yake. Bandari zile zilihama moja moja. Wengine walivuka kwenda Uganda, wengine walikuja Tchomia, wengine wakapanda mpaka Bunia na godoro kichwani. Lambert na Alphonsine walifika kwangu. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa, watoto wangu mmoja yuko Kampala na mwingine Kinshasa, wananitumia sauti zao ndani ya simu. Nikawapa chumba cha nyuma.

Lambert alibeba matofali kwa wajenzi. Jioni alikaa nje ya mlango, ameweka kofia juu ya goti, akingoja upepo ambao kati ya nyumba za Shari haufiki. Mara mbili alipotea akirudi kutoka kazini. Njia zote za kartye, za mtaa wetu, zilikuwa sawa machoni pake. Alphonsine alikuwa na nguvu zaidi. Alipanga samaki wachache mbele ya kiwanja changu, akajua majina ya majirani wote, akagombana na nusu yao. Mtoto wao mmoja, Priscille, aliolewa Kisangani, kwa hiyo majirani waliwaita Baba Priscille na Mama Priscille, na mimi pia nikawazoea hivyo. Tulikula pamoja. Kwa miaka ile nyumba yangu ilikuwa na watu.

Musoki hakuja. Siku ya kukimbia alikataa kuingia mtumbwini. "Miye nikienda, nani atawasha?" Walimwacha na wazee wengine wachache, wakidhani baada ya wiki moja watarudi. Haikuwa wiki moja.

Ilikuwa kiangazi, Januari, Arlette alipotuletea habari. Arlette ni mwanamke wa Tchomia anayepandisha samaki Bunia, na Alphonsine alikuwa akinunua kwake. Alitua beseni, hakusema bei.

"Mama Priscille, mama yako angali muzima. Muvuvi moya alimuona kutoka mbali. Lakini amebakia peke yake. Bale bengine, bamoya bamekufa, bamoya bamevuka. Na watu wa bunduki banashuka. Beko bandari ya pili kutoka pale."

Alphonsine alikaa chini. Alimtazama mumewe.

"Baba Priscille."

"Nimesikia."

"Barabara ya mulima ya kwenda kule imefungwa."

"Nimesikia, mama. Nitapita ku maji."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: kumtoa Musoki kabla wenye bunduki hawajafika. Dany, mtoto wa dada yangu, anayeendesha pikipiki, alikuwa amekaa kwenye ukuta akisikiliza. Akatoa simu yake.

"Baba Priscille, beba hii. Iko na ramani. Itakuonyesha kwenye uko, hata kama hauone kitu."

Akatafuta Nyakeru mbele yetu. Upande mmoja wa kioo ulikuwa wa buluu, upande mwingine wa kijani. Hapakuwa na jina wala nukta.

"Kwenye niko, najua," Lambert akamwambia. "Miye nataka kujua batu beko wapi. Ile telefone haijue."

Hakuichukua. Nilifurahi wakati ule, nikamcheka Dany. Sasa sina hakika kama palikuwa na jambo la kucheka.

Lambert alishuka Tchomia, akaazima mtumbwi mdogo, akaenda peke yake. Siku chache baadaye tulimwona anaingia kwenye kiwanja, kofia kichwani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alphonsine alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinuka.

Lambert aliomba maji kwanza, akanywa, ndipo akaeleza. Alikwenda mbali na nchi kavu kuliko zamani, kwa kuwaogopa wenye bunduki. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Alitafuta moshi wa mikaratusi, haukuwapo. Alitafuta moshi wa miiba, haukuwapo. Pwani nzima ilikuwa imezimika. Alipiga kasia bila kujua amepita bandari ngapi, kama mtu anayesoma ukurasa uliofutwa.

"Hakuna moshi hata moja?" nilimuuliza.

"Moya tu. Nyeupe, chini ya ukuta. Furu moya." Aliniangalia mimi, kwa kuwa nilijua kanuni yake ya furu moja. "Nikapita, yaya. Nikaogopa. Nikaenda mbele mpaka nikasikia maji yenye kuanguka ku mawe, nikajua nimepita Nyakeru zamani. Nikarudi. Upepo ikaamuka. Ile moshi sikuiona tena."

Mikono ya Alphonsine ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Ile moshi, ulisema nyeupe?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ya majani mubichi?"

"Ya majani mubichi. Ilipanda juu kabisa."

"Baba Priscille. Mutu mwenye anajificha, anatia majani mubichi ku moto? Anaita nani?"

Nje pikipiki ilipita, mtoto wa jirani akalia, akanyamazishwa.

"Ile ilikuwa mama," Alphonsine akasema.

"Furu moya, Mama Priscille. Tangu uzaliwe, mama yako hajawasha furu moya. Nyakeru yote—"

"Nyakeru gani? Bale bengine beko wapi? Utaona furu zao wapi?"

Kanuni ya Lambert ilikuwa ya kweli, nami naishuhudia. Ilikuwa kanuni ya pwani yenye watu. Nani angekuja kumwambia kwamba imekufa? Bibi kizee alisimama peke yake kwenye mchanga, akaita mitumbwi kama alivyofanya maisha yake yote, na mpiga kasia bora wa pwani ile aliuona wito wake, akauogopa.

Alphonsine alimwaga maharagwe ndani ya sufuria bila kuyamaliza.

"Tunaenda weye na miye," alisema. "Na tena, mama hawezi kuingia mu mutumbwi ya mukwe yake bila miye. Atakataa, atabakia kusimama pale na aibu yake mpaka bamukute."

Lambert akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Njo ukweli. Atakataa."

Tulishuka wote Tchomia, wao wawili kwenye gari la Arlette, mimi nyuma ya pikipiki ya Dany, mifupa yangu ikilalamika kila shimo. Sikuwa na kazi ya kufanya kule. Niliwaambia nataka kuona samaki walivyopanda bei. Asubuhi, kwenye mchanga, Dany alitoa tena simu yake, safari hii ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Lambert aligeuza uso. Alphonsine aliipokea, akaitia kifuani.

"Weye unaamini ile kitu?" mumewe alimuuliza.

"Hapana. Lakini tukizama, Dany atatafuta telefone yake. Njo batatupata na siye."

Dany alicheka, halafu akaona kwamba si mzaha wote. Lambert alivua kofia, akaitupa mtumbwini. Mke alikaa mbele, mume nyuma, kila mmoja na kasia lake. Sikuwahi kumwona Alphonsine akipiga kasia. Alipiga vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Walipomezwa na ukungu niligeuka kwenda kwa Arlette, ambako mimi na Dany tulilala.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa tangu asubuhi, nimetazama maji. Wachuuzi walikuwa wengi, mafuta ya taa, sabuni, sombe ya majani ya muhogo, makelele. Mchana, juu upande wa barabara, bunduki zikalia. Hazikulia sana, na mpaka leo sijaambiwa ni nani aliyepiga. Lakini watu wetu hawangoji kujua. Kwa muda wa kula ndizi moja soko lote lilikuwa limekimbia, wengine kwenye matete, wengine kwenye njia ya Bunia, mabeseni yamebaki yamepinduka, samaki wametapakaa mchangani. Dany alinijia na pikipiki inanguruma.

"Mujomba, panda!"

"Ngojea kidogo."

"Nangojea nini? Batatuua hapa!"

"Basi enda. Utanikuta."

Alinitukana, jambo ambalo mtoto wa dada hafanyi, akaondoka. Alirudi baadaye kunichukua, namshukuru. Simkasirikii. Na ni kwa ile simu yake, ambayo siku ile ilikuwa imeisha chaji, kwamba wiki tatu baadaye Alphonsine alinipigia kutoka ng'ambo. Wako kambini, upande wa Uganda. Mama yake ni mzima, anakohoa, anagombana na wanaogawa unga. Walimkuta amesimama kwenye mchanga, na jambo la kwanza alilosema, uso ameugeuzia mlima, ni kumuuliza binti yake kwa nini mukwe alipita siku ile bila kusalimia. Lambert hapati kazi ya ziwa kule, mitumbwi yao yote ina mota. Kurudi? Alphonsine alisema watarudi nchi ikitulia, kisha dakika za simu zikaisha. Chumba cha nyuma sijampangisha mtu. Napika sufuria ndogo.

Lakini siku ile, kwenye mchanga wa Tchomia, sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimebaki peke yangu. Upepo ulikuwa umeamka na kuupasua ukungu, na mtumbwi ukatokea kutoka kaskazini, mdogo, na vichwa vitatu ndani yake. Nilihesabu tena: vitatu. Mbele kabisa alikaa mtu mwembamba aliyejifunika kitenge kichwa kizima, amewapa wengine mgongo, ili yule wa nyuma asimwone uso. Katikati Alphonsine. Nyuma kipara cha Lambert kinang'aa.

Walikaribia mpaka nikaona rangi ya kitenge, kilikuwa cha njano. Kisha Lambert akanyanyua kasia kutoka majini, akaliacha hewani linachuruzika. Aliitazama pwani. Siku ya soko, saa ya watu, na pwani haina mtu. Nilivua koti nikalipunga. Niliita jina lake, nikaita Mama Priscille, lakini upepo ulikuwa unatoka ziwani na sauti yangu ilirudi nyuma yangu kwenda kwenye nyumba zilizofungwa. Nilikuwa mzee mmoja aliyevaa nguo ya rangi ya mchanga. Aliye majini anatafuta wengi.

Alphonsine alisimama, akaweka mkono juu ya macho. Mtumbwi uliyumba, yule wa mbele akashika kingo zote mbili bila kugeuka. Sijui kama Alphonsine aliniona. Alisema kitu, Lambert akajibu, wakabishana kidogo, kama walivyobishana kila siku mbele ya mlango wangu. Kisha akakaa, akaokota kasia lake. Lambert aligeuza mtumbwi kuelekea mashariki, kwenye maji mapana, na makasia mawili yakaanza kwenda pamoja.